Mama Amefurahi Sana

Bibi Miriam hakuwa mtu wa kusifia. Hilo lisemwe mapema, maana yote yaliyotokea baadaye yalianzia hapo. Ukimpelekea ugali mzuri atakwambia mlenda umezidi chumvi. Mlenda ukiwa sawa, atauliza maji ya kunawa yamechotwa lini. Watu wa Mkonze, kijijini kwake, walimjua hivyo na walimpenda hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa anakugombeza huku anakujazia sahani. Kabla ya kugomba alikohoa kidogo, kho, kho, halafu anajipiga paja, pa! Ukisikia kikohozi kile unakaa sawa mwenyewe bila kuambiwa.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Lea, aliolewa mtaa wa Kikuyu kule mjini, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani akabaki na mama yake na shamba la zabibu aliloliacha marehemu baba yao. Mdogo, Edina, alikuwa mwinjilisti. Si wale wa vipaza sauti, hapana. Kazi ya Edina ilikuwa ngoma. Ile ngoma ya muheme, ambayo wanawake wa Kigogo wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga wakiwa wamesimama, alifundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya pili. Bibi Miriam ndiye aliyeiingiza ngoma hiyo kanisani kwao enzi za ujana wake. Wazee wa kanisa walinuna. Akawaambia kama Mungu haipendi ngoma, atasema mwenyewe.

Basi kanisa likatafuta mtu wa kwenda utume Zambia, katika kijiji kimoja cha huko kaskazini, akakae na akina mama na watoto, awafundishe neno na nyimbo. Muda wenyewe miaka miwili. Jukumu likamwangukia Edina. Watu walishangaa jamani! Wamisionari waliowazoea wao walikuwa Wazungu wenye magari ya juu juu. Leo mmisionari anatoka Mkonze, ana begi la mgongoni na ngoma iliyofungwa kwenye khanga, anapanda basi la Tunduma, mpakani. Vijana wa bodaboda wakamtania, "Mmisionari, gari lako liko wapi?" Akawajibu, "Ndiyo hilo linapiga honi, na ninyi hamjaalikwa."

Lea alimsindikiza mpaka stendi. Mama yao hakwenda. Alisema miguu inauma, na kwamba mtu anayekwenda kazini hasindikizwi kama anayekwenda jela.

Huko alikofikia Edina mtandao ulikuwa wa kuwinda. Alikuwa anarekodi nyimbo kwenye simu wakati wa ibada, halafu Jumapili jioni anapanda kilima kimoja kuzituma. Na huku Mkonze, jioni hiyo hiyo, Lea alitandika mkeka barazani, akamletea mama yake kigoda chake, akaweka simu yake ya kupangusa juu ya paja la mama, wakasikiliza. Bibi Miriam hakukubali kusema kitu kwenye simu. Alisema yeye haongei na kioo. Kwa hiyo maneno yake yote Lea ndiye aliyemsemea.

Mwanzoni zile nyimbo hazikuwa na raha yoyote. Ilikuwa sauti ya Edina peke yake na ngoma yake, na nyuma yake watoto wachache wanakohoa. Jumapili moja akatuma maneno badala ya wimbo, na ilisikika kabisa kwamba ametoka kulia. "Mama, hawa watu hawaimbi. Wananiangalia tu. Lugha yao imenishinda. Nimekuja kuwaletea furaha na mimi mwenyewe sina."

Kho, kho. Pa!

"Mwambie aache kufundisha," mama yao alisema. "Nani alimwambia watu wanafundishwa furaha? Akae chini wamfundishe wao. Akatwange nao. Na hiyo ngoma awape waipige, hata wakikosea. Lakini wakikosea sana awanyang'anye."

Lea akabonyeza, akamsemea hivyo hivyo.

Zikapita Jumapili kadhaa, nyimbo zikaanza kubadilika. Edina alisimulia kwamba siku hizi anaamkia kutwanga mihogo na akina mama wa huko, na kwamba anavyotamka Kibemba watoto wanamfuata nyuma kumcheka. Kulikuwa na mwanamke mmoja anaitwa Bwalya, mwenye mwili wake na kelele zake. Siku moja katikati ya ibada huyo Bwalya aliinyakua ngoma, akaibana mapajani vibaya, ikamponyoka ikabingirika mpaka madhabahuni, yeye nyuma anaikimbiza. Kanisa zima likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo wakaanza kuimba, na waliimba kama watu waliokuwa wamefungiwa.

Baraza la Lea nalo likaanza kujaa Jumapili jioni. Mama Sila, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na mishono yake. Kefa, fundi baiskeli, alikuja na grisi yake. Huyu Kefa alikuwa Mhehe wa Iringa aliyelowea Mkonze miaka mingi, na kwa kuwa Wahehe na Wagogo ni watani, hakuwa na adabu hata kidogo mbele ya Bibi Miriam, wala Bibi Miriam hakuwa na adabu mbele yake.

"Kefa, unanuka grisi."

"Na wewe bibi unanuka kaburi."

Wanacheka mpaka basi. Halafu wimbo unaisha, kikohozi kinasikika, na hukumu inatoka. "Ngoma ya kwanza inakimbia. Mwulizeni nani anamfukuza." Au siku nyingine, "Malaika wakiimba hivi mimi nitawaambia waanze upya." Lea alituma maneno yote bila kupunguza, na Edina kule kilimani alijibu kwa kicheko, "Mwambieni mama nimesikia. Jumapili ijayo tutatembea."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na ilikuwa raha.

Mwaka wa pili miguu ya Bibi Miriam ikaanza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umechoka, umekuwa mkubwa, wakampa dawa za kunywa na kumkataza chumvi, yeye aliyeishi kwa kulalamikia chumvi. Edina aliambiwa miguu inamsumbua mama, basi. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Asubuhi moja Lea anamkanda miguu, mama akamwita, ingawa alikuwa hapo hapo mbele yake.

"Lea."

"Abee, mama."

"Nikifa usimwambie Edina."

Lea akaacha kukanda.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Baba yao alipofariki, Edina alikuwa chuo cha Biblia. Alirudi kuzika, akasema atakaa wiki moja tu ampoze mama. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Chuo akaja kukimaliza akiwa mtu mzima, darasa moja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Na katika miaka yote ile hakuna aliyemsikia akipiga ngoma. Bibi Miriam aligombeza dunia nzima kwa makosa ya watu wengine, lakini hilo alijua ni lake. Alimwacha binti akae kwa sababu alitaka akae.

"Akija kunizika harudi tena kule," mama alisema. "Namjua. Atakaa hapa anakuchumia zabibu, anasema Mungu amebadilisha mpango. Wale watu ndiyo kwanza wameanza kucheka. Mwache amalize muda wake, akija ndiyo aambiwe."

"Mama, hilo mimi siliwezi."

"Utaliweza. Niahidi."

"Atanichukia."

"Atakuchukia kidogo. Niahidi, Lea."

Lea akaahidi. Ungefanya nini wewe? Mtu ameshika mkono wako, vidole vyake vimekuwa vya baridi, anakuomba jambo la mwisho. Lea aliahidi huku anajua ananunua msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Bibi Miriam alifariki zabibu zikiwa zimetoka kupogolewa, asubuhi, uji wake haujapoa. Mchungaji Yohane aliposikia habari ya ile ahadi alisimama mbele ya wafiwa akatangaza kwamba mwenzetu aliye kazini asiambiwe, ndivyo marehemu alivyotaka. Watu wakaitikia. Kwetu jambo hili si geni. Aliye mbali hatangaziwi msiba kwenye simu; anaambiwa mama anaumwa, njoo, na akija anafikishwa kwanza kwa jirani, anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Lakini hiyo ni ya kumvusha mtu njiani tu asianguke kwenye basi. Hii ilikuwa ya miezi. Mama Sila alimvuta Lea pembeni akamwambia, "Mwanangu, hii si sawa." Lea akamwambia anajua.

Siku ya mazishi Kefa alifanya kazi yake. Jeneza linatoka mlangoni, akajilaza kizingitini, amejifunga khanga ya marehemu kiunoni na nyingine kichwani. Kho, kho! Pa! "Mnanipeleka wapi na jeneza lililopinda hivi? Rudisheni kwa fundi aanze upya!" Ilikuwa sauti yake kabisa, Bibi Miriam mtupu. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, maana ndiyo kazi ya mtani, kuwapumzisha wafiwa. Akagoma kuondoka mpaka apewe kigoda cha marehemu. Wakampa, akakibeba kichwani akiringa mpaka kaburini, pale pembeni ya shamba la zabibu alipolala baba yao.

Lea hakucheka. Kulia pia hakulia. Alikuwa ameifunga simu kwenye pindo la khanga, anaisikia inavyomgusa kiunoni, na wazo lake lilikuwa moja tu, kwamba Jumapili inakuja.

Na ikaja. Wimbo ukaingia jioni kama kawaida. Majirani walijua, kwa hiyo hakuna aliyekuja barazani. Lea alikaa peke yake kwenye mkeka, akausikiliza mpaka mwisho. Ulipoisha palikuwa kimya, hapakuwa na kikohozi. Akaandika: Mama amefurahi sana. Anasema hongereni.

Edina akajibu: Anasema hongereni?

Lea akaandika: Ndiyo. Amefurahi sana.

Jumapili iliyofuata Edina akauliza, mama hajasema kwamba ngoma inakimbia? Na Lea, maskini, mwenye haraka ya kuumaliza uongo kabla haujamkaba, akaandika: Hapana, amesema iko vizuri kabisa.

Baada ya hapo wimbo haukuingia. Jumapili ya kwanza Lea alisema ni mtandao. Ya pili akasema ni mvua. Alikuwa anakwenda shambani na simu, anaichungulia kati ya matawi. Siku moja ikaita, Edina mwenyewe, sauti yake nzito nzito. Alisema alikuwa anaumwa malaria lakini amepona. Aliuliza shamba, akauliza kanisa. Hakusema nipe mama niongee naye. Lea alikuwa ameshatayarisha jibu kwamba mama amelala, halikuhitajika, akashukuru Mungu. Angalia mambo ya binadamu! Alishukuru Mungu kwa jambo ambalo lilipaswa kumshtua.

Nyimbo zikarudi. Na Jumapili moja, mazishi yakiwa yameanza kuwa habari ya nyuma, uliingia ujumbe mrefu kuliko yote. Ngoma zilianza taratibu, zinatembea kweli kweli, wala hazikimbii. Wanawake wengi waliimba. Kisha ngoma zikakatika, na mwanamke mmoja akaanza kupiga kelele kwa Kibemba. Alikuwa Bwalya, kicheko chake Lea alikuwa ameshakijua. Alikohoa. Akapiga kitu, pa! Akafoka. Watu wakaangua kicheko. Akakohoa tena, akafoka zaidi, na sasa watu walikuwa wanacheka kwa kupiga mayowe, ngoma zinaanza, zinakatizwa, zinaanza tena, zinakatizwa.

Lea hakuelewa hata neno moja. Lakini kicheko kile kilimkuta amechoka, hana ulinzi, kikamwingia. Akaanza kwa kutabasamu. Mara bega likatikisika. Mara akawa anacheka peke yake barazani mpaka Mama Sila akachungulia ukutani kuona kama kuna heri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azike. Alipomaliza aliona aibu sana, akajifuta uso, akaandika haraka: Mama amecheka mpaka machozi.

Edina hakujibu kitu siku hiyo.

Basi mambo yakaendelea hivyo, wimbo kwa Jumapili, uongo kwa Jumapili. Kadiri muda wa utume ulivyokaribia kwisha ndivyo Lea alivyokonda. Watu wakamwambia apumzike shamba. Shamba halikuwa na kosa. Lea alikuwa anahesabu aliobaki nao duniani na anapata mtu mmoja, huyo huyo Edina, na huyo anakuja, na siku atakayofika ndiyo siku atakayompoteza. Alifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia akiwa anamwagilia mizabibu. Hakuna hata moja lililosimama.

Siku ikafika. Ikapangwa kama desturi: akina mama wa kanisa wakusanyike kwa Mama Sila, Lea akampokee mgeni stendi ya Nanenane, amlete hapo kwanza, akalishwe, Mchungaji Yohane amwambie, nao wawepo wa kumshika. Lea akavaa gauni lake la kitenge la maua, maana hata nguo inabidi idanganye, akapanda bajaji.

Edina alishuka kwenye basi amekonda kidogo na amekuwa mweusi wa kung'aa. Begi mgongoni, ngoma mkononi. Walikumbatiana, ngoma ikiwa katikati yao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbukwa," Lea akaongeza salamu ya Kigogo. "Habari za safari?"

"Safari njema. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Zabibu?"

"Zimeshika, tunamshukuru Mungu."

"Mbuzi?"

"Wapo. Yule mwenye pembe moja amezaa."

"Mama Sila hajambo? Sila je? Kefa bado anagonga baiskeli za watu? Mchungaji? Bomba la maji limetengenezwa?"

Lea akajibu yote. Anajibu huku anasubiri swali lenyewe lije aseme lile jibu la mwisho la uongo. Edina akainama akaokota begi, akaliweka kwenye bajaji. Akaingia. Akaweka ngoma mapajani.

Habari za mama hakuuliza.

Sisi watu ambao salamu zetu zinapita mpaka kwa mbuzi! Lea alisimama na mkono kwenye mlango wa bajaji, dereva anasema, "Mama, twende, nazuia njia." Alipoingia hakuthubutu kumtazama mdogo wake. Walikwenda hivyo hivyo mpaka Mkonze inaonekana, ndipo Edina akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie dereva atushushe shambani. Mmemzika karibu na baba, siyo?"

Walishuka. Mizabibu ilikuwa imefunika njia, wakapita wameinama. Kaburi lilikuwa limesakafiwa saruji, limefagiwa; Lea alikuwa analifagia kila asubuhi. Edina alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya saruji, akakaa hivyo.

"Ulijua lini?" Lea aliuliza.

"Nilishtuka Jumapili ile ya kwanza. Mama amefurahi sana! Anasema hongereni! Mama yupi huyo, dada? Mama yetu ndiye wa kusema hongereni? Nikajipa moyo, nikasema labda ugonjwa umemlainisha. Nikakuuliza kuhusu ngoma ukasema iko vizuri kabisa. Nikampigia Kefa. Sikumwuliza kama mama amekufa, angeficha kama ninyi. Nilimwuliza tu, mtani, kwenye msiba wa mama ulichukua nini? Akanijibu haraka, kwa mazoea, nilichukua kigoda tu. Halafu nikamsikia analia."

"Kefa hajaniambia."

"Nilimkataza."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

Hapo Edina akageuka, na uso wake ulikuwa wa hasira kweli. "Mimi ndiye wa kukwambia? Nilikuwa nangoja uniambie wewe! Kila Jumapili nilipanda kile kilima nasema leo dada ataniambia, leo tutalia wote. Nafika juu nakuta mama amefurahi, mama amependa, mama anawasalimu. Mlinifanya nilie kama mtu asiye na ndugu, Lea. Nilijifungia ndani. Sikula. Nilifunga begi nirudi. Bwalya ndiye aliyeusukuma mlango."

"Mama alisema ukija hutarudi kule."

"Ni kweli. Nisingerudi." Akarudisha kiganja juu ya saruji. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikuwa sahihi. Bwalya aliliona begi. Hakunizuia. Alikaa chini mbele ya lile begi akaniuliza, mama yako alikuwa mtu wa namna gani? Wakaja na wengine, na kuni, na unga wa mihogo, wakalala sakafuni na mimi, watu ambao hawajawahi kumwona mama hata kwenye picha. Nikawaeleza kikohozi. Nikawaeleza paja. Nao misibani kwao wana watani, tena kuliko sisi. Siku ya arobaini tulikusanyika kanisani, Bwalya akajifunga khanga yangu."

Lea alianza kuelewa, na alitamani asielewe.

"Ule ujumbe mrefu," alisema.

Edina akatoa simu, akautafuta, akaubonyeza, akaiweka juu ya saruji. Ngoma zikaanza taratibu. Zikakatika. Kho, kho. Pa! Bwalya akafoka, na Edina akawa anatafsiri juu ya sauti yake. "Anasema, nani anaifukuza ngoma hiyo? Anasema, anzeni mwanzo. Sasa anasema, mimi nimekuja kwa Mungu nimekuta malaika wanaimba ovyo, nimewaambia waanze upya. Hapa anasema, huyu binti yangu mnamlisha nini, mbona amekonda, na huo mlenda wenu una chumvi."

Lea alishika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amecheka, mwenzenu, alikuwa amekaa barazani akamcheka mama yake siku ya arobaini yake, bila kujua ni yeye.

"Na jioni ile ile," Edina alisema, "nikapanda kilima nikakuta umeandika mama amecheka mpaka machozi. Nilijua ni wewe uliyecheka. Nilikaa pale chini nikalia, na mimi nikacheka. Nilitumwa niwapelekee wale watu furaha, siku ile mimi ndiye niliyepewa, na ikabaki, ikafika mpaka Mkonze. Nikasema kama Lea anacheka, basi niendelee kutuma."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijakusamehe bado. Usifikiri kwa vile nimeongea ndiyo yameisha. Twende, wale akina mama wamekaa wananingoja kwa Mama Sila, siyo? Nimeona viatu vyao mlangoni wakati tunapita na bajaji."

Wakatoka shambani, Lea amebeba begi, Edina amebeba ngoma. Kwa Mama Sila wanawake walikuwa wamejipanga ukumbini na khanga zao viunoni, nyuso zimetayarishwa, Mchungaji Yohane ameshika Biblia. Walipoona dada wawili wanaingia uani wote macho mekundu walijua ameshajua, na wakashindwa waanze kulia au wangoje.

Ndipo Kefa akatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunga ile khanga ya marehemu, kigoda kiko kichwani. Alikiweka chini katikati ya uani, akakaa, akanyoosha miguu kama mwenye miguu mibovu.

Kho, kho. Pa!

"Mnatoka wapi saa hizi? Basi limefika zamani! Na hiyo ngoma unaibebaje, Edina, kama debe la maji? Rudi stendi ushuke upya!"

Edina alifungua mdomo acheke. Bwalya alikuwa na moyo wa dhahabu, lakini Bwalya hakumjua mama. Kefa alimjua. Alikuwa na ile sauti, na ule mkato wa maneno, na lile jicho la kukuangalia kwa ukali huku anakutafutia sahani. Kicheko hakikutoka. Ngoma ilimponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa Mchungaji, na Edina akaenda chini, akatambaa kwenye vumbi mpaka kwenye kigoda, akalaza kichwa juu ya magoti ya fundi baiskeli, akalia kwa sauti ambayo alikuwa hajailia Zambia yote.

"Mama," alisema. "Mama, nimemaliza."

Kefa hakujua afanye nini. Utani ulikuwa umemwishia. Akaweka mkono wenye grisi juu ya kile kichwa, na mtu aliyekuja kukaa chini kwenye vumbi karibu nao, akamshika Edina mgongoni na hatimaye akaanza kulia na yeye, alikuwa Lea. Akina mama wakawaachia. Mama Sila akaingia jikoni kuchochea moto, maana ugali ulikuwa bado.